Safari ya Arabuni Iliyoishia Kasumbalesa

Kaka yangu alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika kampuni ya serikali, ile ya shaba, na alikuwa fundi kweli. Bomba aliloliunga yeye halikurudi karakana. Kampuni ilimpa nyumba kambini, ikampa unga kila mwezi, na watoto wake wakiugua walitibiwa katika hospitali ya kampuni. Kwa Lubumbashi ya miaka ile mtu wa namna hiyo alikuwa amefika. Wengine walitafuta miaka na miaka nafasi aliyokuwa nayo.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi. Nilikaa na mama katika nyumba aliyotuachia baba. Babu zetu walitoka Maniema, na majirani walituita Bangwana, maana yake Waislamu wa zamani wenye Kiswahili chao. Mama alifundisha wasichana wa mtaa Kurani sebuleni kwetu, na hiyo ndiyo iliyomleta kwetu bwana ninayetaka kumsimulia.

Habari zake nilizisikia kwanza kwa kaka. Alikuja Jumapili, tukakaa kula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu, akasema huku anamega:

“Mudogo wangu, kuko muntu mumoja kule Bel-Air, anatafuta bantu ba kazi. Kazi ya Arabuni. Banajenga miji mupya kule mu jangwa, banakosa basuderi, bantu ba kuchomelea kama miye.”

“Anatoka ofisi gani?” nikamuuliza.

“Ofisi gani tena? Iko na telefone mu nyumba!”

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Telefoni nyumbani ilikuwa kitu cha wakubwa, na kwa kaka ilitosha. Shaba ilikuwa imeanza kushuka bei, mshahara ulichelewa, unga nao ulipunguzwa, na kila mtu aliyekuwa na ufundi mkononi alikuwa anatazama nje. Sikumcheka. Nilimwambia tu aulize vizuri, na akaniambia kwamba sisi walimu tumezoea kuulizauliza maswali hata mahali pasipo na ubao.

Baada ya muda mfupi yule bwana mwenyewe akaja kwetu. Alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ya kijivu, iliyopigwa pasi ikanyooka, viatu vinang’aa, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu asiyehitaji kushindana na yeyote. Mimi aliniita “sitwayeni”, kama ilivyotakiwa siku zile ambapo sote tulikuwa raia tu, hakuna bwana wala bibi. Mama alimwita “mama yetu”. Alisema matajiri wa kule wanataka Waislamu tu. Wale mafundi wake Waislamu hawana shida, lakini wengi ni Wakristo, wa Kasai na wa hapa hapa, na itabidi wajue kusali kabla ya kuondoka. Je, mama angekubali kuwafundisha?

Mama alifurahi kama mtu aliyeletewa wajukuu. Kila Jumamosi mchana wanaume wazima wakaanza kuvua viatu mlangoni kwetu, soksi zimetoboka, wanaingia wameinama kwa aibu. Mama aliwafundisha kutawadha, kusimama, kurukuu, kusujudu. Mmoja wao alikuwa fundi umeme wa Kasai, mtu mrefu mwenye ulimi mzito, ambaye kila mara alikwama katikati ya Fatiha. Siku moja akakaa chini akamwambia mama ukweli wake.

“Mama, miye niko Mukatoliki. Sipende kukudanganya. Miye nataka kazi.”

Mama akacheka. “Endelea tu, mwanangu. Hakuna sala ya bure.”

Nilimpenda yule fundi umeme tangu siku hiyo. Ndiye peke yake, kati ya wote waliopita sebuleni petu, aliyesema wazi alichokifuata.

Oktoba, mwezi wa joto kali kabla ya mvua, yule bwana akawaita wote uani kwake Bel-Air. Akawavalisha makoti ya sufu, akawabebesha matofali ya saruji kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, jua la saa sita likiwa utosini. Alisema ni kuwazoeza jangwa. Yeye mwenyewe alikaa kivulini akinywa maji ya baridi. Wachomeleaji aliwachomelesha geti la nyumba yake, mafundi umeme akawawekesha nyaya upya vyumbani, waashi wakamalizia ukuta wake wa nyuma. Huo aliuita mtihani. Kaka alirudi kwangu ngozi ya shingo imebambuka, na alikuwa anacheka.

“Nilipita, mudogo! Alisema geti yangu njo ya kwanza.”

“Geti ni yake, yaya,” nikamwambia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. “Amepata geti la bure.”

“We unaona mubaya tu kila fasi.”

Kisha ikaja siku ya kuacha kazi. Yule bwana aliwaambia kwamba Waarabu hawachukui mtu aliye bado chini ya mwajiri mwingine. Nilimsihi kaka aombe likizo tu. Nilimfuata mpaka kambini, nikakaa na mke wake jikoni, tukamsihi wote wawili. Wifi yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia: “Nyumba hii wakiichukua, mimi nitalala wapi na watoto?” Kaka akajibu kwamba atamjengea nyumba yenye ghorofa. Wifi akageuka akaendelea kuchambua sombe, majani yake ya muhogo.

Aliacha kazi. Kampuni haikumbembeleza, kulikuwa na watu wengi wakisubiri nafasi yake. Nyumba ikapewa familia nyingine, na wifi na watoto wakahamia kwetu, magodoro yakapangwa sebuleni pale pale wanaume walipojifunzia kusujudu. Kila mmoja wa wale mafundi aliuza alichonacho kumpa yule bwana gharama za safari, akamkabidhi na kitambulisho chake ili atolewe pasipoti. Kaka aliuza vyombo vyake vya kazi, na hilo ndilo lililoniuma kuliko nyumba. Mchomeleaji anayeuza vyombo vyake amejikata mkono.

Waliondoka kwa lori, asubuhi, wanawake wakipiga vigelegele kando ya barabara ya Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia. Mama aliwaombea dua mmoja mmoja. Yule bwana alikaa mbele karibu na dereva. Mpakani alizungumza yeye na maofisa, wakavuka na kufika Lusaka, na hapo akawaambia wamsubiri katika nyumba ya wageni, yeye anatangulia kushughulikia tiketi. Wakasubiri. Mwenye nyumba ya wageni akachoka nao, akawatoa nje. Wakalala sokoni, wakalala kituo cha basi, mpaka polisi wa kule wakawauliza karatasi ambazo hawakuwa nazo, wakawarudisha mpakani.

Kaka aliingia uani kwetu mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Alikaa, akala, akanawa, akalala.  Nilidhani siku atakayoamka tutakwenda pamoja kutafuta haki.

Mtu yeyote angefikiri yule bwana alikuwa amekimbia. La. Alikuwa nyumbani kwake Bel-Air, karibu na telefoni yake, nyuma ya geti alilolichomelea kaka yangu. Wale mafundi walipomwendea kwa hasira, yeye ndiye aliyewagombeza. Kaka alinihadithia mwenyewe, tena kwa huzuni, kama mtoto aliyefeli mtihani.

“Anasema ndege ilikuya nyuma yetu. Siye njo tulikosa uvumilivu. Bakubwa ba kampani balishikwa na haya juu yetu.”

“Na vitambulisho vyenu?”

“Biko ubalozini, Kinshasa. Yeye peke yake njo anajua biko kwa nani.”

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, na haijaisha mpaka leo.

Nilikwenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nikaandika malalamiko. Nilikwenda na fundi umeme wa Kasai, naye akatia sahihi. Wengine nao walitia, maana bado walikuwa na uchungu wa barabara. Hata kaka alitia, baada ya mama kumkazia macho. Mwendesha mashtaka aliyetupokea alikuwa kijana, mwenye miwani, na alitusikiliza kwa makini. Alinieleza kwa utaratibu, na mpaka leo nakumbuka alivyokunja vidole.

“Sitwayeni, hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni udanganyifu: amechukua mali ya watu kwa ahadi ya uongo. La pili ni kubwa kwa serikali: amekusanya wafanyakazi kuwapeleka nchi ya nje bila ruhusa. Kosa hilo halihitaji hata mtu awe amepoteza kitu. Kukusanya tu kunatosha.”

“Basi ni rahisi,” nikasema.

Akatabasamu kidogo. “Ni rahisi kama watakuja kusema mbele ya jaji kwamba aliwaahidi kazi.”

Sikuelewa kwa nini alitabasamu. Mbona wasije? Si wao walioibiwa?

Yule bwana akakamatwa, akawekwa ndani. Mtaa mzima ulisimama kumtazama akipanda gari la polisi, abakosti yake haikukunjamana. Wiki ile nilifundisha nikiwa na moyo mwepesi.

Kisha nikaanza kuona vitu. Wifi alikuwa akipika, na kabla watoto hawajagawiwa, sahani moja ilifunikwa na kuwekwa kando. Nilidhani ni ya mgonjwa fulani. Siku moja nilitoka shule mapema nikakutana na kaka njiani, ameibeba ile sahani ndani ya kitambaa.

“Unakwenda wapi?”

Akaihamishia sahani mkono wa pili.

“Yaya, unampelekea nani chakula?”

“Muntu iko mu gereza, hana ndugu hapa.”

Sikuamini. Bukari ya nyumba ya mwalimu, ambayo watoto wa kaka waligawana kwa kupimiana matonge, ilikuwa inakwenda kumlisha mtu aliyewalaza watoto hao hao juu ya saruji. Na kaka hakuwa peke yake. Walikuwa wamepeana zamu, wale mafundi. Huyu anampelekea chakula, yule sabuni, mwingine anamfulia nguo.

“Amekuambia nini?” nikamuuliza. Nilikuwa napiga kelele barabarani, watu wanageuka.

“Anasema akitoka, tunaenda mara moja. Barua ya kampani imeshakuya. Lakini akifungwa, nani atatoa pasipoti yetu? We utaenda kuitoa? We unajua mulango ya ubalozi?”

“Hakuna pasipoti! Hakuna kampani!”

“We ulifika kule?” akasema. “Ulifika Arabuni ukaona hakuna?”

 Mtu akiuliza hivyo hakuna unachoweza kumpa akakipokea. Alinipita na sahani yake, akaenda.

Mmoja baada ya mwingine walirudi parke kuondoa malalamiko. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, Kenya yote, baada ya masomo. Wake zao walinikaribisha, waume wakajificha chumbani. Mwashi mmoja aliniambia usoni kwamba nina wivu kwa kuwa mimi ni mwanamke na nafasi hizi ni za wanaume. Mwingine alisema nikiendelea atanishtaki kwa watu wa chama kwamba nawavuruga wananchi. Maneno hayo yalikuwa mazito wakati huo. Mama akaniambia nipunguze. Nilipunguza sauti tu.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Kila kitu kilikwenda kwa Kifaransa, na mkalimani alisimama pembeni kuwageuzia wasiokijua. Yule bwana alikuwa amenenepa kidogo gerezani. Nilijua kwa chakula cha nani. Wakili wake akasimama akatoa utetezi ambao ulinifanya nishike benchi.

Alisema mteja wake hakumtafutia mtu yeyote kazi. Alikuwa anaandaa safari ya dini. Hawa walikuwa mahujaji. Ushahidi? Walisomeshwa sala Jumamosi baada ya Jumamosi na mama mwenye heshima, Mwislamu wa ukoo wa zamani, nyumbani kwa mlalamikaji mwenyewe. Nani anamfundisha sala mtu anayekwenda kuchoma vyuma?

Kumbe ndiyo maana. Tangu siku ile ya kwanza alipokaa kwetu na sauti yake ya chini, alikuwa anajitengenezea mlango wa kutokea, na mama yangu ndiye aliyewekwa awe mlango huo.

Wakamwita mama. Alisimama na shuka lake jeupe kichwani, akatazama mbele.

“Mama, uliwafundisha watu hawa sala?”

“Niliwafundisha. Aliniambia Waarabu hawampi kazi asiyesali.”

Mkalimani akageuza. Akasema mama amekiri kuwafundisha watu hawa sala kwa ajili ya Arabuni. Neno kazi likaangukia njiani. Niliinuka, nikasema kwa Kifaransa kwamba sivyo alivyosema, na jaji akaniamuru nikae, la sivyo nitolewe. Mama hakujua kimetokea nini. Alinitazama akiuliza kwa macho, nami nikakaa.

Mwendesha mashtaka akajaribu kuliokota neno lile. Akamwita kaka.

“Mtu huyu alikuahidi kazi?”

Kaka alivaa shati lake la harusi. Alitazama chini, akamtazama yule bwana, akatazama tena chini. Mimi nilikuwa nasema moyoni: sema, sema tu neno moja, watoto wako wamelala sakafuni kwangu.

“Hapana,” akasema. “Tulikuwa tunaenda kuzuru.”

“Uliacha kazi ya kampuni kwa kwenda kuzuru?”

“Ndiyo.”

“Ukauza vyombo vyako?”

“Ni kwa mapenzi yangu.”

Wifi alikuwa pembeni yangu. Alitoka nje kabla kaka hajamaliza kushuka. Wengine walisema vilevile, kwa maneno yale yale, mpaka watu ukumbini wakaanza kunong’onezana. Walikuwa wamefundishwa, kama walivyofundishwa Fatiha, ila safari hii hakuna aliyekwama.

Mwisho akaja fundi umeme wa Kasai. Hakuwa ameondoa malalamiko yake. Nilikuwa na hofu kwamba ulimi wake ungemwangusha, na kweli alianza kwa kugugumia. Kisha akapumua, akazungumza Kifaransa cha shule ya mapadri, polepole, bila mkalimani. Alisema yeye ni Mkatoliki, alibatizwa, na hana sababu ya kwenda kuhiji. Alisema aliwekeshwa nyaya vyumba vyote vya nyumba ya mshtakiwa kama mtihani wa kazi, na mahakama inaweza kwenda kuwasha taa ikaona. Haji, alisema, haulizwi kama anajua kufunga swichi.

Watu wakacheka, jaji mwenyewe akainamisha kichwa. Lakini alikuwa mmoja.

Hukumu ilitoka baadaye. Kwa udanganyifu, mshtakiwa alikutwa na hatia kwa yule fundi umeme peke yake, kwa sababu ndiye pekee aliyesema amedanganywa. Kwa kosa la kukusanya wafanyakazi kuwapeleka nje bila ruhusa, mahakama ilisema kuna shaka, maana wengi waliodaiwa kukusanywa wamekana. Alipewa kifungo kifupi, na sehemu kubwa alikuwa ameshaimaliza akingojea kesi. Mwendesha mashtaka alinipita kwenye ngazi na mafaili kwapani. “Ulifanya unavyoweza, sitwayeni,” akaniambia. Nilitaka kumjibu kwamba mtu hafungwi kwa nilivyoweza mimi, lakini alishakuwa chini.

Wifi hakurudi kwetu. Alichukua watoto akaenda kwa wazazi wake Kolwezi, na kaka akabaki kuendelea kupeleka sahani. Sasa alipika mwenyewe. Siku ya kumfungulia yule bwana, mafundi walikwenda kumpokea mlangoni mwa gereza, nguo zimefuliwa, viatu vimepigwa rangi. Aliwashika mikono wote. Akawaambia wampe muda kidogo apige simu. Walipokwenda Bel-Air wakakuta nyumba ina mpangaji mwingine, ambaye hakumjua mtu huyo wala Arabuni yake, na aliwauliza kama kati yao kuna anayeweza kurekebisha geti, kwa sababu linakwama.

Kaka alinisimulia hilo la geti baada ya muda mrefu sana. Wakati ule aliazima vyombo vya mtu, akaanza kuchomelea mbabula, yale majiko ya makaa, na vitanda vya chuma kwenye karakana moja ya Kenya, kando ya barabara. Kampuni haikumrudisha. Wifi alirejea mwaka uliofuata, kwa ajili ya watoto, alisema, na ilikuwa wazi kwamba ni kwa ajili yao tu. Walipanga chumba nyuma ya karakana. Mimi na kaka tulisalimiana, tukaulizana afya ya mama, tukaishia hapo.

Miaka ilipita. Siku moja tulikuwa matangani, mzee mmoja wa mtaa amefariki, na wanaume wamekaa uani wakizungumza. Mtu akataja tapeli aliyekuwa akitafuta watu wa kwenda Afrika Kusini. Nilikuwa nikipita na sinia la chai. Nikasikia sauti ya kaka yangu juu ya sauti zote.

“Miye bantu kama bale nabajua zamani! Kulikuwaka mumoja hapa, alisema anatupeleka Arabuni. Mwizi! Mi nilimutambua siku ya kwanza. Niliambia benzangu: huyu muntu, tumupeleke parke. Njo tukamupeleka. Tukamufunga!”

Wakamsifu. Mmoja akampigapiga begani. Wifi alikuwa kando ya moto na wanawake, akainua uso akanitazama, nami nikamtazama.

Wakati wote ule nilikuwa nimetaka asikie aibu, au akasirike, au aseme tu kwamba aliibiwa. Sasa alikuwa anakisema kwa sauti kubwa kile nilichokuwa nimekiomba, na hasira yangu ilizidi kuliko siku ya kesi. Niliweka sinia mbele yao. Kaka akachukua kikombe, akanishukuru, akaendelea na hadithi yake.